Sakafu ya Mchezo wa Pili

Mchezo wa kwanza mume wangu aliumaliza mpaka ukamchosha. Ni ule wa simu wa kusukuma masanduku ghalani: kijitu kinasukuma tu, hakiwezi kuvuta, na sanduku likiingia kona ndiyo basi, unaanza upya. Yeye alipakia malori mpakani Busia ujana wake wote, kwa hiyo aliucheka. "Hii kazi yangu," alisema, "tena hapa hakuna jasho."

Siku hizi tuko kijijini kwao Osukuru, na akili yake inaondoka. Daktari alituambia wazi kwamba ugonjwa huu wa kusahau haurudi nyuma. Nilikataa kumsikia. Kwani mtu aliyesahau angewezaje kupanga ghala zima bila kukosea? Kila asubuhi aliufungua mchezo ule, akaumaliza upesi, nami nikapata nguvu za kuchemsha chai.

Kisha binti yetu akatutembelea, akamwekea sehemu ya pili. Ni nzuri, nisiseme uongo. Rangi zake zimetulia, na mvua inasikika ikipiga bati. Lakini sakafu ina maji. Ukisukuma, sanduku haliishii hatua moja, linateleza mpaka ligonge ukuta, kwa hiyo lazima ujifunze upya. Mimi nilikosea kidogo nikaelewa. Yeye alisukuma, sanduku likakwama konani, akashtuka: "He! Inateleza!" Akaanza upya, akasukuma vilevile, akashtuka vilevile.

Nilikaa ubavuni mwake nikimwomba Mungu avuke hatua ya kwanza ya mchezo tu, sikutaka kingine. Hakuvuka siku ile wala wiki ile. Nikawachukia waliotengeneza mchezo huo. Ule wa kwanza uliwakosea nini? Wangetuachia ule ule wetu, maana sasa nilikuwa nimeona kwa macho yangu: vya zamani bado vimo mikononi mwake, lakini kipya hakiingii tena. Na vya zamani navyo, nani angeniahidi kwamba vitakaa?

Jioni moja alipokwenda kuoga, niliichukua simu nikacheza mimi. Nilivuka hatua tatu, ya nne nikaiacha katikati ili aimalizie mwenyewe. Nilitaka aone amefika mbali. Ukweli ni kwamba nilitaka mimi nione hivyo, hata kama ni uongo wangu mwenyewe.

Aliporudi nikampa simu kwa shangwe. "Mzee, si unaona ulipofika!"

Akaitazama, akayafuata masanduku kwa kidole. Yeye ni Mjopadhola na mimi ni Msamia, nyumbani tumezoea Kiswahili chetu cha mpakani, na ndicho alichonijibia.

"Nani alipanga hii masanduku?"

"Si wewe!"

"Hapana, mama watoto. Mimi naanza na ya ndani, ya mlango napanga mwisho. Lori ni hivyo. Hii mtu ameanza na ya mlango."

Ni kweli, nilianza na lile la mlangoni.

"Usinichezee," akasema, wala hakuwa na hasira. "Mimi najua naisha. Sasa wewe ukicheza ya kwangu, nitajua aje nimefika wapi?"

Nililia palepale mbele yake. Alinipangusa uso kwa kiganja chake, akarudi hatua ya kwanza, akaanza kusukuma.

Asubuhi yake hakukumbuka lolote, si machozi yangu wala alichoniomba. Ningeweza kumdanganya tena na asijue. Lakini ombi lenyewe nimebaki nalo mimi, na siku hizi akikwama mbele yangu naikalia mikono yangu yote miwili, isije ikamsaidia.