Mama yangu alivyomlea nyani aliyezaa kwenye mahindi yetu

Wakuu, heshima kwenu. Hii sijahadithiwa, nilikuwepo mwenyewe. Picha sina, kamera ya simu yangu imekufa, mnivumilie.

Kwetu ni Marangu, ila mahindi tunalima tambarare, chini huko. Yakianza kukomaa lazima mtu ahamie shambani kulinda nyani. Msimu huu nililala bandani mimi, mama akawa anashuka asubuhi. Mama na nyani haziivi kabisa.

Sasa kwenye kundi kulikuwa na jike mmoja mdogo, ndio uzao wake wa kwanza. Mtoto mweusi tii, uso wa pinki. Tatizo, mama mtu hajui kubeba! Anamshika kichwa chini miguu juu, mtoto analia, ziwa halifikii.

Nikamwambia mama huyu mtoto hamalizi wiki.

Aisee, mama akabadilika pale pale. "Huyo si mzazi? Nani anamwelekeza?"

Kesho yake kaja na mtori, ile supu yetu nzito ya ndizi na nyama, kwenye chupa ya chai. Mtori wakuu, wa nyani! Kwetu Uchagani mzazi anakaa ndani analishwa mpaka anenepe, basi mama akaona ndio dawa. Nikamkatalia, maana ukimlisha mmoja, kundi zima linakufuata mpaka jikoni. Akanuna. Mtori nikaunywa mimi, na ulikuwa mtamu balaa.

Ila akatoa amri: upande wa yule jike hakuna mawe wala mbwa, ni kupiga debe tu, asije akakurupuka akamwangusha mtoto. Kila asubuhi, kabla hata sijampa shikamoo, anauliza, "Yupo?"

Nikajikuta na mimi nina presha. Nikiamka namtafuta yeye kwanza.

Siku moja nikamwona kamshika vizuri, mtoto kifuani ananyonya. Niliruka! Baadaye akahamia mgongoni, anapanda kama abiria wa boda.

Karibu na kuvuna, mtoto akashuka mwenyewe, akaokota hindi letu, akaanza kutafuna. Mama alikuwa ameshainua jiwe. Akalishusha taratibu, machozi yanamlenga.

"Ameanza kula," akasema. "Mwache amalize."

Nilichojifunza: hata adui yako akiwa na kichanga mkononi, unajikuta unamwombea. Kesho yake mama alirudi kuwatimua kama kawaida, ila yule mtoto yupo, mzima, na kila nikimwona nacheka peke yangu.

Wenye mashamba tambarare, na nyie mmewahi kulea mwizi wenu? Tiririkeni hapa.