Wageni Wanalala Mbele, Mama Uani

Saa moja asubuhi jua limeshaanza ukali. Zenaide Corrêa amesimama kwenye kipilefti cha kuingilia Ponta do Siri, pale magari yanapolazimika kupunguza mwendo, anazungusha ufunguo kidoleni. Ufunguo umefungwa kwenye kipande cha ubao chekundu ili uonekane kwa mbali. Likitokea gari lenye watoto nyuma na mabegi juu ya paa, anaunyanyua.

Katika mji huu ufunguo ukinyanyuliwa kila mtu anaelewa: nyumba ipo, simama tuongee bei.

Gari la kijivu linapunguza mwendo. Dereva anamtazama Zenaide, anatazama ubao mwekundu, anamwambia mkewe kitu, kisha anakanyaga mafuta na kuondoka. Zenaide anashusha mkono. Mtu angetegemea anune, lakini uso wake umelegea kama wa mtu aliyesamehewa deni.

"Mwaka huu nanyanyua ufunguo huku moyoni nasema, pita, baba, pita," anaeleza. "Halafu akipita kweli najitukana. Nepi za mama nitanunua na nini?"

Jirani yake Nadir, mwanamke mwenzake aliyesimama hatua chache mbele na ufunguo wake, anamsikia na kucheka.

"Wewe Zenaide, unapangisha nyumba au unawapungia watu kwaheri? Mkono huo ni wa stendi ya mabasi."

"Nyamaza, na wewe. Gari lako limesimama lini?"

"Langu litasimama. Mimi natabasamu. Wewe una sura ya mtu anayefukuza kuku."

Zenaide ana umri wa miaka hamsini na minne, mabega mapana na mikono iliyobabuka kwa dawa za kusafishia. Nyumba anayoipigia debe ni ya mama yake, Bi Leonídia, mwenye miaka themanini na mitatu na saratani ya tumbo. Mwezi Desemba daktari alimwita Zenaide pembeni akamwambia hakuna cha kupasua tena. Mpeleke nyumbani, alisema, alale pale anapopapenda.

Anapopapenda Bi Leonídia panajulikana na mtaa mzima. Ni chumba cha mbele, chenye kitanda cha mbao nyeusi alichokichonga marehemu mumewe, Mzee Osni, na dirisha linalotazama barabarani. Humo ndimo alimozalia watoto wanne. Tatizo ni kwamba daktari alisema maneno yake Desemba, na kuanzia baada ya Krismasi hadi kanivali chumba kile ni cha wageni.

Ponta do Siri inaishi kwa Bustani, kiwanja kikubwa cha michezo na mabembea. Hakuna anayeiita kwa jina lake refu lililoandikwa getini. Watu wanatoka mikoa ya mbali kuja kupanda treni ya kupinduka, na wengi wao si matajiri. Ni makondakta, walimu wa shule za msingi, mafundi magari waliodunduliza miaka mitatu ili watoto waone tembo na mashetani wa plastiki. Tiketi zikishalipwa, mfuko umetoboka. Hoteli zilizo karibu na geti zinataka zaidi ya reali mia saba kwa usiku mmoja, chumba kimoja. Zenaide anatoa nyumba nzima yenye vyumba viwili, jiko na uwanja wa kuchomea nyama, kwa mia mbili na themanini. Ukimbembeleza anashuka.

Msimu ukiwa mzuri anaondoka na reali elfu tisa. Miezi mingine anasafisha nyumba za watu kwa mia moja na thelathini kwa siku, akiitwa. "Sisi mwaka mzima tunaila Januari," anasema.

Basi Januari mtaa wote unageuka. Wenye nyumba wanahamia uani, kwenye vibanda vya kufulia nguo, na watu wasiowajua wanakaa kwenye veranda zao. Majirani wanasalimiana juu ya ukuta wa nyuma, kila mmoja kasimama kati ya karo la kufulia na mapipa ya taka. Mtoto akizaliwa mtaani hapa anajifunza mapema kwamba kuna miezi ya kupita mlango wa mbele na kuna miezi ya kujibanza. Haoni ajabu, kwa sababu rafiki zake wote wanajibanza.

Mzee Osni naye alijibanza, mpaka siku yake ya mwisho. Aliijenga nyumba ile tofali kwa tofali, akafia kwenye kibanda Januari ya mwaka juzi, huku wageni wakichoma nyama upande wa pili wa ukuta. Muziki ulikuwa juu. Zenaide hakwenda kuwaambia wapunguze. Walikuwa wamelipa siku kumi, anasema, na ilikuwa siku yao ya tatu.

Nyumba ina geti moja. Gari la maiti lilipofika, jeneza ilibidi lipitishwe kati ya jiko la nyama na bwawa la kupuliza la watoto. Baba wa familia ile alivua kofia, mkono mwingine bado umeshika bia. Mkewe alizima muziki. Watoto walikaa majini kimya, wamevaa masikio ya sungura waliyonunuliwa Bustani.

"Walikuwa watu wema, sikufichi," Zenaide anasema. "Waliniletea sahani ya nyama jioni ile. Nilikula, nilikuwa na njaa."

Waliporudi kwao waliandika maoni kwenye mtandao, kama wageni wote. Zenaide anayakumbuka kwa kichwa. Nyumba safi, mwenyeji mkarimu, karibu na Bustani, ila palitokea msiba. Wakatoa nyota nne kati ya tano. Anayasema hayo bila kuinua sauti.

Hadi kufika saa sita hakuna aliyesimama kwake. Nadir amepata familia ya kupangisha na kuondoka nayo akiringa. Lami inavukiza. Zenaide anautia ufunguo kwenye mfuko wa aproni na kurudi nyumbani kabla ya muda wake, jambo ambalo hajawahi kulifanya katikati ya Januari.

Kibanda kina paa la bati, na mchana huu ndani yake hapakaliki. Pangaboi linazungusha hewa ileile. Bi Leonídia amelala chali, mifupa imemtoka, kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Kutoka Bustani mayowe yanafika kwa mawimbi, kila treni inapoporomoka.

"Sikia hao," anasema bila kufumbua macho. "Wanalipa ili wapige mayowe. Mimi napiga bure."

"Inauma sana leo, mama?"

"Inauma kama jana. Umepata watu?"

"Sijapata. Mama, nyumba iko tupu. Nakurudisha chumbani kwako."

Mama anafumbua macho. Haamini masikio yake. "Katikati ya Januari?"

"Katikati ya Januari. Nimechoka kuogopa nyota za watu."

Zenaide anamwita Nadir juu ya ukuta, na wanawake hao wawili wanambeba Bi Leonídia kwa kiti cha plastiki, mmoja huku mwingine kule, wanapita naye karoni, jikoni, ukumbini. Anawaelekeza kama mtu anayehamisha kabati. Taratibu hapo. Msinigonge mlangoni. Nadir, pumzi zako zina vitunguu. Wanamlaza kwenye kitanda cheusi na kumfungulia dirisha.

Ukimtazama Zenaide wakati ule, utadhani yeye ndiye mgonjwa aliyepata nafuu. Anasimama mlangoni na mikono kiunoni, machozi yanamtoka na hayapangusi. Anasema alijiona amemlipa mama kitu alichoshindwa kumlipa baba.

Bi Leonídia anakula vijiko vitatu vya pirão, ule ugali laini wa mihogo uliosongwa kwa mchuzi wa samaki, chakula cha kwanza kukaa tumboni tangu juzi. Anaomba mto wa pili ili aone vizuri. Kisha anaanza kuwachambua wapita njia: yule kanenepa, yule bado hajalipa shamba la marehemu kaka yake, yule mwanamke na kofia ile utafikiri ni treni ya mzigo. Zenaide anakaa ukingoni mwa kitanda na kucheka mpaka mbavu zinamuuma. Wanakaa hivyo mchana kutwa.

Katika furaha yake amesahau kitu kimoja. Kibao cha Nyumba ya Familia, Bei Nafuu bado kinaning'inia getini.

Saa kumi na moja jioni gari jeupe, limetapakaa vumbi la safari ndefu, linasimama chini ya kibao. Anashuka fundi wa malori kutoka magharibi ya jimbo la Paraná, jina lake Adilar, macho mekundu kwa usingizi. Mkewe, Rosimeri, anashuka na mtoto mgongoni. Mwingine amelala garini na taji la karatasi limemwangukia puani.

Wametapeliwa. Walimtumia mtu wa mtandaoni nusu ya pesa zao kwa nyumba yenye picha nzuri, na walipofuata anwani wakakuta kiwanja kitupu na mbuzi. Tangu mchana wanazunguka. Tiketi za Bustani ni za kesho na hazirudishwi.

"Dada, tusaidie," Adilar anamwambia Zenaide getini. "Hata ukumbini tutalala."

Zenaide anashikilia geti. "Pole sana, kaka. Nyumba imejaa."

"Imejaa?" Rosimeri anauliza, na kukitazama kibao.

"Nilisahau kukishusha. Samahani."

Adilar anainamisha kichwa, hana nguvu ya kubishana. Anamgeukia mkewe na wote wawili wanalitazama gari, kama watu wanaopima kama mtu anaweza kulala humo. Ndipo sauti nyembamba inapotoka dirishani.

"Haijajaa. Siku ngapi?"

Zenaide anageuka. Mama ameshika ukingo wa dirisha, vidole vyeupe kwa kujikaza.

"Saba, bibi," anajibu Adilar.

"Mia mbili na hamsini kwa siku. Shuka zetu, taulo zenu. Jiko la nyama mwisho saa nne usiku."

"Mia mbili na ishirini, bibi. Wametumaliza."

"Na thelathini, na nakupa mkaa wa kwanza bure."

"Sawa, bibi. Mungu akubariki."

Zenaide anaingia chumbani mbio na kufunga mlango nyuma yake. Nadir, aliyekuwa jikoni, anasikia maneno yote na ndiye anayeyasimulia baadaye, kwa sababu Zenaide hawezi kuyarudia bila kulia.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimepangisha. Wewe umesahau kazi."

"Nilikuahidi chumba chako."

"Nimekilalia. Ni kizuri vilevile." Anavuta pumzi. "Yule mwanamke ana mtoto mgongoni. Na wewe una mimi. Mia mbili na thelathini mara saba, hesabu mwenyewe. Haya, nitoe kabla hawajaingiza mabegi. Mgeni haonyeshwi mgonjwa, atatunyima nyota."

Adilar anajitolea kushika upande mmoja wa kiti. Zenaide anamwambia bibi hupenda kukaa uani jioni, kuna upepo. Upepo hakuna, na fundi yule anaona wazi kwamba hakuna, kwa sababu anapofika kwenye kibanda anasimama kidogo mlangoni, jasho likimtiririka, na kulitazama bati.

"Samahani, bibi, tumekusumbua."

"Hujanisumbua. Kesho mpande ile treni kubwa. Mpige mayowe vizuri, niwasikie."

Zenaide anarudi mbele kubadilisha shuka. Anatandua ya kwanza na kusimama nayo kifuani, maana bado ina joto la mama yake. Mlangoni Rosimeri amesimama na begi, anaogopa kuuliza. Zenaide anatandika shuka safi, anaikunja ile ya kwanza, na kumkaribisha ndani.

Ukimuuliza anatarajia nini, haongelei nyumba kubwa wala mtaji. Anataka jambo moja. Jumatano ya Majivu, kanivali ikishaisha, atashusha kibao na kukichoma jikoni, na mama atarudi kwenye kitanda chake, asitolewe tena na mtu yeyote. Zimebaki wiki nne na siku kidogo. Daktari hakumwambia kama mama atafika, naye hakuuliza.

"Afike tu," anasema. "Siombi zaidi."

Jioni inaingia. Moshi wa nyama ya Adilar unapita juu ya ukuta hadi kwenye kibanda, na watoto wameanza kucheka uwanjani. Zenaide anamlowanishia mama kitambaa, anakikamua, anakirudisha pajini.

Na yeye mwenyewe, siku yake ikifika?

Anajibu haraka, kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeshalipanga siku nyingi. "Mimi nimemwomba Mungu anichukue Juni. Si Julai, Julai shule zinafungwa, wageni wanarudi. Juni kuna baridi, hakuna anayetafuta chumba. Nitalala mbele."