Koni ya hina ya Mahfudha na bango lisilotaka maji

Saa moja asubuhi, sufuria inatokota kwenye jiko dogo la umeme ndani ya karakana moja jijini Dallas. Ukipita mlangoni utadhani watu wanapikiwa uji. Mahfudha Abdulhafidh anakoroga bila kupumzika, hijabu ameifunga nyuma ya shingo kama mtu anayejiandaa kwa ugomvi.

Kabla hajazima jiko, bosi wake anatokea. Sheldon, mzee mrefu mwenye miwani inayoning'inia kifuani, anainama juu ya sufuria na kunusa.

"Hamna karafuu?"

"Hamna, Sheldon. Zote ziko kwenye pilau."

Mzee anaguna, anaondoka. Mchezo huu wanaucheza kila asubuhi tangu mwaka jana, na kila asubuhi Mahfudha hucheka. Leo kicheko kimeishia mdomoni.

Kinachopikwa ni gundi ya unga wa ngano. Karakana hii hutibu mabango ya kale ya usafiri: ya treni, ya tramu, ya mabasi, yale yaliyokuwa yakiwabembeleza watu wa mjini watoke Jumapili waende mashambani. Mtu ameshinda ofisini wiki nzima, anauziwa hewa safi na tiketi ya kwenda na kurudi.

"Kwetu Mombasa, umwambie mtu alipe nauli akatazame ng'ombe, atakushika paji la uso aone kama una homa," anasema Mahfudha.

Alizaliwa Mombasa, mama yake akiwa fundi wa kuwapaka maharusi hina. Alikuja Texas kumfuata mumewe, dereva wa lori, na kazi ya kwanza aliyoipata ilikuwa ghala moja la Garland, kunyanyua maboksi.

"Mgongo wangu uli-resign kabla yangu," anasema. "Mimi bado nasema nitavumilia, mgongo ushaondoka zamani."

Akapata kazi kwa Sheldon, ya kupigilia fremu. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko wa ghalani, lakini angalau boksi zito kuliko yote lilikuwa la misumari. Kila alipomaliza fremu alisogea kuchungulia meza ya karatasi, mpaka mzee akachoka kumfukuza na kumvutia kiti.

Ndipo zikaja karafuu.

Aliona gundi ya ngano inaliwa na wadudu, akafanya kile ambacho mama yake alikifanya kwenye sanduku la nguo. Alichemsha gundi na konzi ya karafuu, wala hakumwambia mtu. Bango la kwanza lilitoka limekolea rangi ya chai ya rangi, linanukia kama nyumba ya arusi.

"Mteja hakuwa na arusi," anasema Mahfudha.

Sheldon akamrudishia nyundo. Kupika gundi aliachiwa, kugusa karatasi hapana. Kwa mwaka mzima amewapikia mabango dawa bila ruhusa ya kumgusa mgonjwa.

Sasa macho ya Sheldon yamechoka, na meza ya karatasi inatafuta mwenyewe. Kuna fundi wa Houston anayeitaka. Bango gumu lilipoingia, mzee alimwita Mahfudha akamwambia bila kuzunguka: "Hili ukilitoa salama, meza ni yako. Likiharibika, nampigia simu yule wa Houston."

Mwenye bango ni Jerioth, muuguzi Mkenya anayeishi Mansfield. Aliachiwa na bibi mmoja aliyemhudumia hadi mwisho, ambaye baba yake aliendesha treni ya umeme iliyokuwa ikitoka Dallas kwenda vijiji vya kusini. Pichani, mwanamke wa gauni jekundu amebeba kikapu cha mapichi, anapungia treni mkono. Maneno ya juu yanamwomba msomaji atoke mjini Jumapili hii.

"Shosho, yule bibi, alikuwa ananiambia, 'Jerioth, huyu wa gauni anakuita wewe,'" anasema Jerioth. "Nacheka, naenda shift. Sasa ameenda, na mimi Jumapili bado niko job."

Tatizo ni kwamba mtu fulani, zamani, alilibandika bango kwenye kadibodi mbovu, na kadibodi hiyo inaila karatasi polepole. Dawa ya kawaida ni kulilaza bango majini. Mahfudha aligusa gauni kwa pamba yenye unyevu, pamba ikarudi nyekundu. Bango halitaki maji.

Sheldon alikaa kitini. Njia iliyobaki, alisema, ni kuweka gundi nzito mgongoni ili ilainishe kadibodi, kisha kuikwangua. Lakini isiguse sehemu ya nyuma ya gauni, na brashi huitawanya gundi inavyotaka.

Mahfudha alikata kipande cha plastiki, akakikunja kuwa koni, akaijaza gundi.

"Mama alipaka maharusi hina kwa koni kama hii," anasema. "Mstari ukienda kombo, bibi harusi anaingia nao ndani. Basi mkono ukajifunza adabu."

Alilichora umbo la gauni kwenye plastiki nyingine, akaigeuza, akailaza mgongoni mwa bango ajue mipaka. Nje ya mpaka aliweka gundi kwa koni, mstari kwa mstari, akisubiri, akikwangua. Ndani ya mpaka, nyuma ya gauni, ni kisu kikavu tu, kadibodi ikitoka kama vumbi la mkate.

Nyumbani alimwonyesha bintiye Nawal picha kwenye simu. "Mom, seriously? Umeipaka treni hina?"

"Na wewe ukiolewa nitakupaka treni," akajibiwa.

Leo ndiyo siku ya kuligeuza. Jerioth ametoka kazini moja kwa moja, bado yuko na sare. Mahfudha anamaliza ukingo wa mwisho kwa gundi aliyoipika asubuhi, anakwangua, anafuta. Anashika pembe mbili, Sheldon mbili.

Bango linageuka.

Gauni ni jekundu, na wekundu umebaki ndani ya gauni. Mkono bado unapungia. Kwenye kikapu kuna tundu dogo.

Sheldon anavaa miwani, anainama. "Kikapu kimetoboka."

"Treni imechelewa," anasema Mahfudha. "Ameona njaa, amekula moja."

Jerioth anacheka huku akifuta macho kwa mkono wa sare. "Mama Nawal, utaniua." Sheldon hacheki. Ananyoosha mkono hadi mfuko wa aproni ya Mahfudha, anachomoa nyundo, anaiweka kwenye benchi la fremu.

"Nitatafuta mtu wa hii," anasema.

Treni ile haipo tena, na hakuna basi linalofika kwenye yale mashamba. Jerioth ameomba Jumapili moja ya mapumziko. Yeye ata-drive, Mahfudha atabeba chakula. "Nimewapikia gundi watu wangapi wa mabango wakienda mashambani, na mimi sijavuka barabara kuu," anasema. "Safari hii nakwenda, hata kama ni kuwatazama hao ng'ombe."

Asubuhi iliyofuata sufuria iko jikoni tena. Sheldon anapita na kikombe chake cha kahawa, anakwenda zake bila kuinama.

"Sheldon!" Mahfudha anamwita, mwiko mkononi. "Hunusi?"

"Meza si yangu," anajibu mzee bila kugeuka.