Rilei Tupu za Mtani Wangu

Mtani wangu aliniambia ukweli mchana kweupe, mbele ya watu, nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka. "Mtani, humu nimekufungia takataka tupu," alisema huku akishusha boneti ya pikapu yangu. "Siku moja utaungua humo ndani kama hindi la kuchoma." Mafundi wenzake pale gereji wakaangua kicheko. Nikamjibu kwamba watu wa kabila lake hata kufunga kamba za viatu ni mtihani. Ndivyo tulivyoishi. Makabila yetu ni watani tangu enzi za babu zetu, na mtani akikutukana hununi. Ukinuna, wewe ndiye mwenye kasoro.

Mzaha ulipokwisha alinieleza kazi yenyewe. Alikuwa ameweka globu kubwa mbele, waya mpya mnene, na rilei mbili, vile vidude vinavyobeba umeme mzito wa taa ili usipite kwenye swichi ya usukani. Alinionyesha rilei zenyewe, zimekaa pembeni ya betri, nyeusi na safi. Nikamshukuru kama ndugu.

Taa hizo nilizitaka kwa ajili ya mama. Mama anakaa Litapunga na kliniki yake iko Mpanda mjini. Basi halimfai, mgongo wake haustahimili ile misukosuko, na ukichelewa kufika unakuta foleni imeshajaa. Kwa hiyo natoka nyumbani kwangu Ilembo kabla hakujapambazuka, namfuata, tunarudi naye mjini taa zikiwaka njia nzima.

Haukupita muda swichi ikaanza kupata moto. Mwanzo ilikuwa joto la kawaida, nikasema gari ni kuukuu, lina haki ya kulalamika. Kisha asubuhi moja tukiwa katikati ya safari taa zikafifia, na harufu ya plastiki inayoungua ikajaa ndani.

"Baba, kuna kitu kinaungua," mama akasema. Mimi mwanawe ananiita baba, kwa kuwa nina jina la baba yake.

Nilizima taa, nikaegesha pembeni, tukasubiri mwanga. Kliniki tulifika tumechelewa, mama akaambiwa arudi wiki inayofuata. Alinipa pole mimi, badala ya mimi kumpa yeye.

Hapo nililaumu kila kitu isipokuwa mtani wangu. Nililaumu globu, nikalaumu vumbi, nikamlaumu hata mtu aliyeniuzia gari. Nilipompigia mtani simu alisema yuko Sitalike kwenye kazi, na kwamba ubovu wa gari huanzia kwa dereva. Nikacheka tena, mpumbavu mimi, nikaamua kulifungua mwenyewe uani kwangu.

Nilianza na fyuzi. Waya ukipata moto kiasi kile fyuzi inatakiwa ikatike, na yangu ilikuwa haijawahi kukatika. Nilipoichomoa nikakuta imezungushiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, umeme unapita juu yake kama hakuna mlinzi. Hata hapo nilimtetea. Nilisema huenda ni kazi ya fundi aliyemtangulia. Nikafungua bolti za ethi, zile zinazofunga waya wa betri kwenye bodi ya gari, nikazipiga msasa mpaka zikang'aa, nikawasha taa na kuanza kuufuata waya kwa vidole. Karibu na betri ulikuwa vuguvugu tu. Ulipoingia ndani ya tepu nyeusi ukawa wa moto, nikarudisha mkono haraka.

Nilizima, nikachana tepu kwa wembe. Ule waya mnene ulikuwa kipande kifupi cha kuonyesha watu. Mbele yake alikuwa ameunganisha waya mwembamba wa spika za redio, akaupitisha njia nzima, kisha pale unapotokeza kwenye taa akarudisha kipande kingine kinene. Nikazigeukia rilei. Niliponyanyua moja niliona jinsi ilivyo nyepesi. Nikabandua kifuniko chake. Ndani hamkuwa na kitu, ila nyaya mbili zimesokotwa pamoja. Ya pili vilevile. Umeme wote wa taa ulikuwa unapita kwenye swichi, sentimita chache kutoka magotini kwetu.

Nilikaa chini palepale kwenye mchanga. Angeacha bila kufunga chochote ningesema ni mvivu. Lakini huyu alikaa, akazitoa rilei matumbo, akarudisha vifuniko, akavifuta vumbi ili nimshukuru. Niliumia mpaka nikashindwa kuingia ndani kula.

Aliporudi mjini nilimfuata gereji, nikaziweka zile rilei juu ya tairi mbele yake. Hakushtuka. "Mtani, si nilikuambia mapema? Mashahidi hawa hapa." Wenzake wakacheka, na kwa desturi yetu alikuwa ameshanishinda.

"Mama yangu anapanda gari lile," nikasema.

Kicheko kikakatika. Alichukua kitambaa akafuta mikono, akafuta tena, na sauti yake ikawa haina utani hata kidogo. "Sikujua, kaka. Ningejua kuna mama anapanda nisingefanya vile. Nilidhani unabeba mahindi tu."

Wenzake wakaanza kumwombea msamaha. Hakujua, wakasema, nyie ni watani, yamalizeni. Mmoja akanivutia kigoda nikae.

Sikukaa. Nilizikusanya rilei zangu nikaondoka, kwa sababu siku moja tu kabla hajafunga zile taa, mama alikuwa pale gereji ndani ya pikapu, na ni mtani huyohuyo aliyekata kipande cha godoro kwa kisu chake, akakiweka kwenye kiti, akamuuliza mama kama mgongo sasa umetulia. Mama alimwekea mkono kichwani akamwombea heri, naye aliinama ili mkono umfikie.