Upepo Alioujaza Munguti

"Hufungui," Ndulu alisema. "Nilikuambia Juni, na leo nakuambia tena. Hayo mengine matatu fungua, hata ukitaka uyakaange. Hilo la nyuma kushoto, wacha."

"Shemeji, mimi si mwizi. Hili ni gurudumu tu."

"Hata mwizi huanza hivyo hivyo."

Joram aliketi juu ya tairi kuukuu, akapangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Alikuwa fundi wa tairi kando ya barabara ya Isinya, na mdogo wa marehemu Munguti, mume wa Ndulu. Aliitwa hapa Kitengela asubuhi hiyo kwa sababu Muthoki, binti ya Ndulu, alikuwa akihamia Kajiado na mtoto wake mchanga, na gari la baba yake ndilo angeenda nalo. Vyombo vilishapakiwa. Kilichobaki ni gurudumu.

Ndulu si mtu wa kushindwa kwa maneno. Ameuza mayai miaka mingi, ya Isinya akiyapeleka Kiserian, na majirani wataapa kwamba aliwahi kubishana na jogoo juu ya saa ya kuwika mpaka jogoo akaomba msamaha. Munguti ndiye aliyekuwa dereva wake. Mwanamume mpole, mwenye jicho moja lisilotulia. Alimkonyeza Ndulu kanisani kwaya ikiimba, naye Ndulu, akidhani ni mdudu amemwingia jichoni, akamvukia mabenchi yote na leso. Ndoa yao ililetwa na mdudu ambaye hakuwapo.

Kila Jumapili kabla ya kanisa Munguti alipima magurudumu, kisha akajaza kwa pampu ya mguu. Kompresa za watu hakuzitaka. Alisema upepo wa mashine una haraka. Jumapili iliyofuata Pasaka alimalizia la nyuma kushoto. Akafunga kifuniko cha nozeli, pale upepo unapoingilia, akasimama, akashika kichwa. Ilikuwa presha ya damu, na ndiyo iliyomuua. Ndulu alikuwa dirishani akifunga kitambaa kichwani. Alimwona akiinama tena, naye akaendelea kufunga.

Tangu hapo gurudumu lile halikuguswa, na gari lilitoka kwa nadra.

Baridi ya Juni ilipoingia, taa ya manjano ikaanza kuonekana kwenye dashibodi, ile yenye alama ya mshangao ndani ya tairi. Kila asubuhi gari likiwashwa, ilimetameta kitambo, halafu ikatulia ikiwaka. Joram alikuja na mashine yake ndogo, akaipitisha kila gurudumu. La nyuma kushoto halikujibu. Akamweleza shemeji yake vizuri kabisa. Ndani ya kila gurudumu, nyuma ya nozeli, kuna kidude kama kidole gumba, kinapima upepo na kupeleka habari mbele, kama redio. Betri yake imefungiwa humo humo, haibadilishwi. Ikizeeka, baridi huinyamazisha.

"Taa ikimetameta kwanza, kidude ndicho kinaumwa," alisema. "Tairi iko sawa. Ikiwaka tu na kukaa, hapo tairi inapoteza upepo."

Ndulu alisikia kumetameta tu, hayo mengine hakuyasikia. Kuanzia siku hiyo alivaa koti la mumewe alfajiri, akaenda kuwasha gari ili akonyezwe. Naye alijibu kwa jicho lake, akazima, akaenda kulisha kuku.

Joram alitaka kubadilisha kile kidude. Lakini ni lazima upepo wote utoke na tairi ling'olewe kwenye rimu, halafu gari lifundishwe namba ya kidude kipya, maana gari halikubali mgeni.

"Basi hata mimi sikubali mgeni," Ndulu alisema, na maneno yakaisha.

Leo kulipambazuka na joto. Ndulu aliwasha gari, taa ikawaka moja kwa moja, ikakaa. Akazima, akawasha tena. Halikukonyeza. Ndipo akampigia Joram simu mwenyewe.

"Kidude kimepata joto kikaamka," Joram alisema sasa. "Na kinasema ukweli. Nimepima, upepo umebaki nusu. Msumari huu hapa, ona."

"Ongeza kidogo juu yake."

"Niongeze upepo wangu juu ya wake?"

Ndulu akauondoa mkono wake kwenye tairi. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Halafu msumari umeingia kwa ubavu, shemeji. Hapo hapazibiki. Na ule mzigo, hii tairi itapasuka kabla ya Isinya."

"Muthoki ataendesha polepole."

"Na yule Munguti mwingine, wa kubebwa, yeye umemuuliza?"

Mtoto alipewa jina la babu yake. Ndulu alilitazama gari, vyombo vikiwa vimefungwa juu, beseni la kuogea mtoto likiwa juu ya vyote.

"Gari limewekewa taa ya kusema linaumwa," alisema. "Mwenye gari hakuwekewa hata kibiriti. Ningeiona, Joram. Nilikuwa pale dirishani."

Joram alikunja kitambaa chake mara nyingi kuliko kilivyohitaji. Munguti alikuwa kaka yake pia.

"Shemeji, huu upepo unatoka, ukinikataza au usinikataze," alisema. "Unatoka tu, bila mtu wa kuuaga."

Kuku walikuwa wakipekua vumbi chini ya gari. Ndulu akavua koti la Munguti, akalitandika chini, akapiga magoti juu yake.

"Angalia kule," alimwambia.

Joram akageukia ukuta. Ndulu akafungua kile kifuniko, akabonyeza nozeli kwa ukucha. Upepo ukatoka baridi, una harufu ya mpira. Akauwekea shavu.

"Munguti," alisema. "Kiserian nimeacha, ni mbali na sina dereva. Koti lako ninalivaa, usinigombeze. Mtoto ana masikio yako, maskini." Upepo ukaendelea kutoka, ukipungua nguvu. "Ile siku nilikuona ukiinama. Nilidhani umeangusha kifuniko. Ndiyo maana sikutoka mbio, Munguti. Nikasema wacha nimalize kufunga kitambaa, atakiokota. Kama ningejua si kifuniko, ninge—"

"Mama?" Muthoki alikuwa ameingia uani, mtoto mgongoni, ufunguo wa gari mkononi. "Unaongea na nani hapo chini?"