Pande Zote Mbili

Kishindo cha stuli ikianguka ndicho kilichomnyima usingizi. Alikisikia kwenye simu, kisha binti yake akacheka kicheko kikavu: "Tumekwaruzana tu, mama. Mambo ya ndoa."

Alikuwa mkalimani wa mahakama, na mkalimani haongezi wala hapunguzi. Shahidi akisema "mimi nilikimbia", naye husema "mimi nilikimbia", ingawa ameketi kitini na visigino vinamuuma. Basi hata habari za bintiye alizifikisha kwa mumewe kama alivyozipokea, kila zilipokuja: wamekwaruzana tu. Na kila mara mumewe alijibu kwamba vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana, akageukia ukutani.

Asubuhi, kiti cha mahakama hakikukalika. Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Shahidi, msimamizi mgeni wa kiwanda cha magodoro, alieleza kwa Kiingereza ugomvi wa wafanyakazi wawili getini. Akauita skirmish.

"Mapambano madogo," mkalimani akafasiri.

Hakimu akainua kalamu. "Madogo kivipi? Hebu nisaidie."

"Mheshimiwa, asili yake ni neno la askari. Vikosi vidogo vinakutana njiani bila kutarajia, vinarushiana risasi kidogo, kila kimoja kinashika njia yake. Siku hizi watu hulitumia hata kwa mabishano mafupi. Ila..." Akasita. "Ila lazima pande zote mbili zipigane. Mmoja akipiga na mwenzake akijikinga tu, hilo lina jina lingine."

"Jina gani?"

"Kipigo, mheshimiwa."

Kesi ikaendelea, yeye akafasiri, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mahakama ilipopumzika mchana, hakula. Alishika njia ya kwa bintiye kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Mkwewe ndiye aliyefungua mlango.

"Aa, mama mkwe! Leo mahakama imehamia kwangu?"

"Nimekuja kumwona mwanangu, baba."

Binti alikuwa kwenye kochi, amejitanda mtandio hadi kidevuni, na joto lote lile.

"Kuna nini humu ndani?"

"Tulikwaruzana kidogo tu," mkwe akadakia. "Muulize mwenyewe."

"Tulikwaruzana kidogo tu," binti akasema, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza.

Mama akaketi karibu naye.

"Na wewe ulimpiga wapi?"

Binti akatazama mikono yake.

"Ah, mama mkwe naye!" Mkwe akaangua kicheko. "Huyu anipige mimi? Lini umeona kifaranga kikampiga mwewe?"

Alicheka peke yake, mpaka kicheko kikamwishia mdomoni.

Mama alimwinamia bintiye sikioni, sauti chini kabisa:

"Vaa viatu, mwanangu."