Noti kwenye Paji la Bibi

Naona aibu kulisema hili, lakini afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa Hamisi wa studio, ambaye kila akisimulia anaongeza chumvi: mimi, ripota wa redio yetu ya jamii hapa Singida, nilimtuza noti bibi aliyekuwa akililia maji kweli kweli, tena nikiwa hewani, mbele ya mtaa mzima.

Ngoja niwaeleze polepole, maana mkasa huu hauna uchawi, kila hatua ina sababu iliyoizaa. Kwenye kipindi chetu cha jioni mimi ndiye ninayebeba habari za mji, siasa na sanaa, zote tatu, kwa hiyo asubuhi utanikuta kwenye baraza la madiwani na jioni kwenye igizo. Siku hiyo baraza lilichelewa kwisha, na huko Mandewa kikundi cha sanaa kilikuwa kiigize kisa cha shida ya maji kwenye uwanja wa shule. Kikundi hiki hakina jukwaa wala mavazi ya ajabu. Wanaingia katikati ya watu wamevaa khanga na makoti kama mimi na wewe, mmoja anaanza kugomba, na wewe mtazamaji unakuja kushtuka umeshakuwa ndani ya mchezo. (Likumbukeni hilo, ndiyo sababu pekee niliyo nayo ya kujitetea.)

Nafika uwanjani, watu wamejaa, duara limefungwa, mwanamume mwenye suti amesimama katikati na karatasi mkononi, na bibi mmoja anamnyooshea kidole. Igizo limeshaanza! Pembeni kwenye mabenchi wamekaa wazee, na kila mtu wa huku anajua kwamba ukifika penye watu unaanza na wazee, unawaamkia, unajieleza, unaelezwa, ndipo unafanya kilichokuleta. Nikajiambia, salamu baadaye, Hamisi anasubiri. Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo kama punje ya uwele.

Nikapiga simu studio, nikaingia hewani. "Wasikilizaji, niko Mandewa, igizo limepamba moto!"

"Bomba limefungwa tangu mvua zikatike," bibi alikuwa akisema, "wajukuu wanakwenda shule hawajanawa hata uso, na ninyi kila tukiwafuata ofisini ni wiki ijayo, wiki ijayo! Hiyo wiki inazaliwa lini?"

"Mnaisikia sauti hiyo?" nikawaambia wasikilizaji. "Machozi yanatoka yenyewe! Ila huyu anayecheza afisa wa maji bado hajaiva, anadanganya mpaka mtoto anajua, na mikono inamtetemeka." (Baadaye niligundua ni karatasi tu iliyokuwa ikichezeshwa na upepo, na upepo wetu mnaujua.)

Ningeishia hapo ningepona. Lakini mimi nimelelewa kwamba msanii akikukuna, unamtuza palepale, kwa hiyo nikatoa noti, nikaingia duarani nikicheza mabega, simu sikioni, nikambandika bibi kwenye paji la uso. Ikanata kwa jasho.

Watu wote wakanigeukia.

"Mjukuu wangu," bibi akasema, noti ikining'inia juu ya jicho, "umeniona mimi nacheza?" Akaongeza neno la Kinyaturu ambalo sitalirudia hapa.

Na Hamisi, sikioni mwangu na masikioni mwa mji wote, akasema: "Dada Neema, samahani, kiongozi wa kikundi amepiga simu. Anasema wako nyuma ya madarasa, wanasubiri mkutano wa mtaa uishe ndipo waanze."

Kicheko kilichopasuka hapo! "Kumbe na sisi wasanii!" mtu akapiga kelele. "Tutuze basi wote!" Yule afisa, ambaye alikuwa afisa kweli, amehamia kwetu karibuni, akakunja karatasi yake akaniuliza, "Kwa hiyo mimi sijaiva?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini bibi hakucheka. Alibandua ile noti akaniambia taratibu, "Siku zote tunaomba redio ije isikie shida yetu. Leo imekuja, imeutangazia mji kwamba kiu yetu ni maigizo."

Hapo ndipo miguu iliyokuwa inataka kukimbia ikasimama. "Hamisi, usinikate," nikasema. Nikaenda kwenye mabenchi, nikapiga goti. "Shikamooni wazee. Naitwa Neema, natoka redioni, na nimekosea vibaya."

"Marahaba," akajibu mwenyekiti wa mtaa. "Sasa ndiyo umefika."

Nikarudi duarani nikawaambia wasikilizaji kwamba walichokisikia si igizo, bomba ni kavu kweli, bibi analia kweli, mwongo ni mimi. Kisha nikamsogezea afisa simu. "Lini?"

"Wiki i..." Uwanja ukaangua kicheko, akajikata mwenyewe. "Ni pampu, imeharibika. Nitakuja Jumatatu na fundi."

"Na mimi nitakuwepo," nikasema.

Jumatatu nilikuwepo, fundi hakuwepo, nikasema hivyohivyo hewani. Jumanne nikarudi. Watu walinitania ("Dada, leo unatuza nani?"), nikacheka nao, nikarudi tena na tena. Na kila nilipofika nilianza na wazee, shikamoo zote bila kuruka hata moja, kisha nikauliza, "Hapa kuna nini leo?" hata pale jibu lilipokuwa mbele ya macho yangu. Nawaambia ninyi mnaoanza kazi hii: ulizeni tu, msiogope kuonekana hamjui. Mimi nilionekana najua, mmeona kilichonipata.

Siku fundi alipofungua bomba, maji yakakohoa, yakatoka mekundu, yakatakata. Bibi akaweka ndoo chini, akafungua pindo la khanga, akatoa noti ileile, akailowesha na kunibandika kwenye paji la uso, nikiwa hewani.

"Leo ndiyo umecheza," akasema.

Nami nikacheza mabega bila wasiwasi, maana wazee nilikuwa nimeshawaamkia.